Uzi: Kurudisha nafaka na maharage makavu kwenye mashamba madogo. Anzeni na turubai, si na mbegu

#1 Ungo_na_Upepo (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Anayetaka kurudisha mtama, ulezi, ngano za zamani au maharage makavu kwenye eneo lake, swali lake la kwanza huwa ni mbegu atapata wapi. Kwangu mimi hilo ni swali la tatu. La kwanza: mvua ikinyesha siku ambayo zao limekauka, utaliweka wapi? La pili: nani atapura, kwa mashine gani, ikizunguka kwa kasi gani?

Sehemu nyingi udongo haukuzikataa nafaka. Kilichokufa ni vitu vya katikati, kati ya shamba na sufuria: mashine ndogo ya kupura, chekeche, sakafu ya kuanikia, kinu cha karibu. Mashine zilizobaki zimekuwa kubwa na zinataka shehena ya aina moja. Mwenye nusu hekta akabaki na lundo la masuke na fimbo. Umoja wa Mataifa ulitangaza 2016 kuwa mwaka wa jamii ya kunde, na 2023 mwaka wa jamii ya ulezi na uwele. Mabango yalipendeza, ila mashine za kupura hazikuja nayo.

Kwa hiyo hesabu yangu inaanzia mwisho. Nafaka au maharage yaliyokwisha kupurwa, yakianikwa kwa unene wa sm 4, mita moja ya mraba inabeba takriban kilo 30. Turubai la mita 6 kwa 8 linabeba kama kilo 1,400. Hiyo ni nafasi ya kuanika punje peke yake. Maharage yakiwa bado kwenye mashina yake yanataka nafasi mara kadhaa zaidi, na hayo ndiyo yanayohitaji paa, kwa sababu maganda yakilowa na kukauka mara mbili tatu punje hubadilika rangi na kuanza kuota humo humo.

Halafu kuna maji. Kanuni: uzito wa mwisho = uzito wa sasa × (100 − unyevu wa sasa) ÷ (100 − unyevu unaotaka). Tani moja yenye unyevu wa 20%, ukitaka 13%, ni 1,000 × 80 ÷ 87 = kilo 920. Maana yake kilo 80 za maji, ndoo 4 za lita 20, zinatakiwa zipotelee hewani kabla hujafunga gunia. Kama huoni zitapotea vipi ndani ya siku chache, eneo ulilopanga kupanda ni kubwa mno. Punguza.

Karibuni tuchambue hatua kwa hatua. Naomba tuseme vipimo, si "kiasi cha kutosha".

#2 siti_ya_mbele

Nimekaa. Ila mkuu, hata la tatu lijibiwe: mbegu inatoka wapi, na inachukua misimu mingapi kufikia ya kuuza?

#3 Punje50

Jibu la #2. Sehemu ya kwanza ya kutafuta ni wazee wanaolima bado kwa ajili ya nyumba zao, maana hiyo mbegu imeshazoea mvua za hapo. Ikikosekana, kuna benki za mbegu. Maharage: CIAT, Palmira, Kolombia. Kunde: IITA, Ibadan, Nigeria. Mtama, ulezi, uwele, mbaazi na dengu: ICRISAT, Patancheru, India. Ngano na mahindi: CIMMYT, Meksiko. Wengi hutaja Svalbard, Norwe. Ile iliyofunguliwa 2008 ni ghala la akiba la benki nyingine, haigawi mbegu kwa mkulima. Benki hizi hutoa kwa makubaliano ya kawaida chini ya mkataba wa kimataifa wa rasilimali za kijenetiki za mimea ulioanza kutumika 2004, na unachopata ni punje chache, si gunia. Ulizia kwanza masharti ya karantini ya nchi yako, maana pakiti isiyo na cheti cha afya ya mimea inaweza kuchomwa moto bandarini.

Tuseme umepata punje 50 za maharage. Zikitunzwa vizuri kila shina likatoa punje 40, una punje 2,000. Kama punje 1,000 zina uzito wa gramu 400, hiyo ni gramu 800. Msimu wa pili, kila kilo ikizaa kilo 20, una kilo 16. Msimu wa tatu, shamba likiwa kubwa na uangalizi umepungua, weka mara 15: kilo 240. Hiyo inatosha kupanda hekta 2 na nusu. Kwa hiyo zao la kwanza la kuuza ni la msimu wa nne. Asiyekuambia hivyo anakuuzia ndoto.

Mtama ni habari nyingine. Punje 50 zikikupa mashina 40, na kila suke punje 1,000 (nimeweka chini), una punje 40,000, sawa na kilo 1.2. Hekta moja inataka kilo 5 hadi 10 tu, kwa hiyo msimu wa pili tayari unapanda sehemu inayoonekana, na wa tatu unauza.

Msimu wa kwanza na wa pili usile hata punje moja. Ng'oa mashina yote yaliyo tofauti na mwenzake kabla hayajachanua, na yaliyo na ugonjwa wakati wowote. Chule na bakajani ya bakteria husafiri ndani ya mbegu. Shina moja uliloonea huruma litakurudia mwakani likiwa na ukoo wake.

#4 Bi_Kinu

Mmesahau umbali. Kuna watu wanapanda aina tatu za mtama bega kwa bega halafu wanashangaa mbegu "imebadilika".

Maharage na ngano hujichavusha zenyewe kwa kiasi kikubwa. Mita 3 hadi 5 kati ya aina na aina zinatosha kwa matumizi ya kawaida, na faida yake kubwa ni kuzuia mchanganyiko wakati wa kuvuna. Mtama hujichavusha pia, lakini sehemu yake huchavuka na jirani, kwa hiyo weka mita 200 na kuendelea, na ung'oe mtama pori wote uliopo karibu. Mahindi huchavushwa na upepo: mita 200 hadi 400, au upishanishe tarehe ya kupanda kwa wiki 3 hadi 4. Na mbegu ya mahindi isitoke kwenye magunzi 10 mazuri. Chukua angalau magunzi 200 kutoka mashina ya katikati ya shamba, la sivyo baada ya vizazi viwili vitatu nguvu inapungua na hakuna mbolea itakayoirudisha.

#5 Mizani

Kiasi cha mbegu watu wanakikisia kwa macho. Kuna kanuni fupi:

kilo kwa hekta = mashina kwa mita ya mraba × uzito wa punje 1,000 (gramu) ÷ asilimia ya uotaji

Ngano: mashina 250, gramu 40, uotaji 85. 250 × 40 ÷ 85 = kilo 118. Maharage mafupi, sm 50 kwa sm 10: mashina 20, gramu 400, uotaji 85 = kilo 94. Maharage yenye punje ndogo za gramu 200 yanataka nusu ya hiyo. Ukitumia "kilo 90 kwa hekta" kwa kila aina, unapoteza mbegu ambayo #3 ameitafuta misimu mitatu.

Asilimia ya uotaji usiibuni. Punje 100 bila kuchagua, kwenye kitambaa kilicholowa bila kuchuruzika, sehemu yenye joto la kawaida. Hesabu siku ya 7 hadi 9, na uhesabu miche iliyo kamili tu. Mche wa maharage uliotoka bila kichipukizi cha juu ni mfu, hata kama una mzizi mrefu. Dosari hiyo mara nyingi ni alama ya mbegu iliyopigwa wakati wa kupura.

Kina: maharage na ngano sm 3 hadi 5, mtama sm 3, ulezi sm 1 hadi 2 tu. Ulezi punje 1,000 hazifiki gramu 3, kwa hiyo changanya na mchanga mkavu ili mkono usimwage zote mstari wa kwanza.

#6 siti_ya_mbele

Na ile dawa ya kupaka mbegu ili mmea utengeneze naitrojeni, ina maana kweli?

#7 Mizani

Si dawa mkuu, ni bakteria hai, rizobia. Ina maana pale ambapo zao halijawahi kulimwa au limepotea miaka mingi. Chagua kwa zao: ya soya haifanyi kazi kwenye maharage, na ya maharage si ya kunde. Pakaza kivulini, maji mililita 10 hadi 20 kwa kilo yenye sukari kidogo ili ishike. Ukizidisha maji, ganda linavimba na kuchubuka. Panda siku hiyo hiyo. Jua linaua, na dawa nyingi za kuvu za kupaka mbegu nazo zinaua, na mbolea ya chumvichumvi ikigusana na mbegu nayo inaua. Watu hufanya yote matatu kisha wanasema rizobia ni utapeli.

Kukagua: mmea ukianza kuchanua, chimba (usivute) mashina matano, pasua vinundu vya mizizi. Ndani pekundu au waridi vinafanya kazi. Vyeupe au kijani havifanyi. Vikiwa vichache sana angalia fosforasi ya udongo kwanza. Na maharage ya kawaida ni mvivu wa naitrojeni ukilinganisha na kunde au soya, kwa hiyo usiyategemee kulisha ngano ya msimu ujao peke yake.

#8 Jembe_Fupi

Palizi, haraka haraka: maharage yanataka shamba safi kuanzia wiki ya pili hadi yanapoanza kuchanua. Baada ya hapo usiingie. Na usipalilie asubuhi majani yakiwa na umande, kwa sababu bakajani na chule husambazwa na suruali yako.

Kiduha (gugu linalonyonya mizizi) kwenye mtama, uwele na mahindi: mbegu zake hulala udongoni zaidi ya miaka 10. Ng'oa kabla hakijatoa ua la zambarau, si baada. Kunde au soya kwenye mzunguko husaidia kwa sababu mizizi yake huamsha mbegu za kiduha halafu hazipati wa kumnyonya, zinakufa.

Ndege: shamba moja la mtama lililokomaa peke yake linalisha ndege wa pande zote. Wakulima wa eneo moja wakipanda wiki moja, hasara inagawanyika. Mtama mwekundu wenye ukakasi huliwa kidogo, ila ukakasi huo huo utausikia mdomoni, hivyo kubaliana na mnunuzi kabla.

#9 Puli_na_Mkanda

Tumefika kwenye injini. Kabla ya mashine, neno moja kuhusu kuvuna maharage: KATA, using'oe. Kung'oa kunaleta udongo na kokoto kwenye turubai, na kokoto yenye ukubwa wa haragwe hakuna chekeche litakaloitoa. Mawe kwenye maharage huanzia kwenye mizizi.

#10 Jembe_Fupi

Hapa napingana nawe kidogo. Kwenye udongo wa kichanga na maharage mafupi, ukikata kwa mundu unatikisa shina na maganda ya chini yanapasuka, na mengine yanabaki ardhini chini ya makali. Kung'oa asubuhi, ukakung'uta mizizi mguuni na kulaza mizizi yote upande mmoja, ni haraka na hasara ni ndogo.

#11 Puli_na_Mkanda

Nakubali kwa kichanga, kwa sharti moja: mizizi ikatwe kwa panga kabla shina halijaingia kwenye mashine. Kwenye mfinyanzi sibadiliki, madongoa yanakauka kama jiwe na yanapita kila kichujio. Asubuhi na mapema tunakubaliana wote: umande unalainisha maganda. Ishara ya kuvuna ni maganda 8 au 9 kati ya 10 kuwa manjano au kahawia, usisubiri jani la mwisho. Mtama tazama chini ya punje pale inaposhika suke; doa jeusi likitokea punje imemaliza kujaa, kilichobaki ni kukauka tu.

Sasa mashine. Kosa kubwa ni kutumia kasi ya ngano kwenye maharage. Kinachopiga punje ni ncha ya kipigo, kile chuma kinachozunguka na ngoma, kwa hiyo pima kasi ya ncha, si mizunguko peke yake. Ngano huvumilia takriban mita 25 kwa sekunde. Maharage mita 7 hadi 10, zaidi ya hapo unauza maharage ya kupasuliwa.

Mizunguko kwa dakika = kasi × 60 ÷ (3.14 × kipenyo cha ngoma kwa mita)

Ngoma ya sm 40, maharage kwa mita 8: mizunguko 382. Ngano kwa mita 25: mizunguko 1,194. Injini ya dizeli ukiifunga mizunguko 1,500: kwa maharage weka puli ya mm 76 kwenye injini na mm 300 kwenye ngoma, unapata 380. Kwa ngano mm 150 na mm 190, unapata 1,184. Usijaribu kushusha ngoma kwa kupunguza mafuta ya injini; itakosa nguvu, mashina yatajisokota, na feni iliyo kwenye mkanda huo huo nayo itapungua, makapi yote yashuke na punje. Feni iwe na puli yake au mlango wa hewa unaofungwa na kufunguliwa.

Nafasi kati ya vipigo na wavu wa chini: anza na mara moja na nusu hadi mara mbili ya urefu wa punje. Vipigo vya chuma kitupu vivalishe mpira wa tairi la zamani, uliofungwa kwa boliti zenye vichwa vilivyozama. Kichwa kilichochomoza ni nyundo.

Kurekebisha: chukua punje 100 kutoka mdomo wa mashine. Zilizopasuka zikizidi 3, punguza KASI kwanza. Maganda yakitoka bila kufunguka, sogeza WAVU kwanza. Kitu kimoja kwa wakati, halafu hesabu tena. Anayegusa vyote viwili pamoja atashinda hapo hadi jioni.

#12 Punje50

Ongeza kipimo cha madhara yasiyoonekana. Punje 100 za maharage kwenye maji, dakika 10. Zilizo na ufa kwenye ganda hukunjamana ngozi haraka, nzima zinabaki laini. Kwa mbegu hiki ndicho kipimo, maana punje inaweza kuonekana nzuri na isiote.

#13 msomaji_kimya

Naomba kueleweshwa. Maharage yakiwa yamekauka kupita kiasi kabla mashine haijafika, inakuwaje?

#14 Puli_na_Mkanda

Yanapasuka hata kwa kasi ya chini. Unyevu mzuri wa kupura maharage ni 15 hadi 18%, kisha unamalizia kukausha baada ya hapo. Chini ya 12% ganda ni kama kioo. Suluhisho: yaache mashina wazi usiku mmoja wenye umande (si mvua), upure alfajiri hadi saa tatu, usimame jua likipanda. Nafaka ni kinyume, ngano na mtama mkavu hupurika vizuri zaidi mchana.

Na kwa wanaopura kwa fimbo: weka turubai juu ya nyasi, si juu ya saruji, na tabaka la mashina lisipungue unene wa goti. Fimbo ipige mashina, isiifikie punje.

#15 Ungo_na_Upepo

Nichukue usafishaji. Mpangilio ni upepo kwanza, chekeche baadaye. Ukianza na chekeche, makapi yanaziba matundu.

Matundu ya duara huchagua kwa upana wa punje, matundu marefu membamba (mfereji) huchagua kwa unene. Hiyo ndiyo siri ya chekeche mbili. Ya juu inapitisha punje na kubakiza vikubwa, ya chini inabakiza punje na kupitisha vidogo. Pa kuanzia: mtama, juu duara mm 5, chini duara mm 2 na nusu. Ulezi, juu mm 2, chini mm 1. Ngano, juu duara mm 6, chini mfereji wa mm 2. Maharage ya ukubwa wa kati, juu duara mm 11, chini mfereji wa mm 4 na nusu. Mfereji ndio unaotoa vipande vya nusu, kwa sababu nusu ya haragwe ni pana kama zima lakini nyembamba. Mwinuko wa chekeche uwe mdogo. Punje zikikimbia hazichujiki.

Baada ya hapo bado kuna kuchagua kwa mkono kwa rangi na madoa. Hapo ndipo ilipo kazi kubwa ya maharage, wala usiidharau kwenye hesabu ya nguvu kazi. Kutoka tani moja iliyopurwa vibaya unaweza kupoteza siku nyingi mezani kuliko ulizotumia kupalilia.

Joto la kukausha kwa mashine: mbegu isizidi nyuzi 40. Ngano ya mkate isizidi 60, maana unga wake hautavuta tena. Maharage taratibu chini ya 40, na yasianikwe kwenye jua kali yakiwa uchi. Ganda hukauka kabla ya nyama na kupasuka.

#16 Kiroba

Ghala. Bungua wa maharage huanza shambani, hutaga kwenye nyufa za maganda yaliyokomaa. Kwa hiyo maharage yaliyochelewa kuvunwa huingia ghalani yakiwa na abiria. Fanya jambo ndani ya siku chache baada ya kukausha, si ukiona matundu.

Mifuko isiyopitisha hewa, ile ya tabaka tatu (PICS, iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Purdue pamoja na watafiti wa Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde), ni mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba. Wadudu humaliza oksijeni yao wenyewe. Jinsi ya kutumia: puliza kila mfuko wa plastiki uushike mdomo, sikiliza kama unavuja. Jaza wa ndani, tikisa hewa itoke, sokota mdomo, kunja, funga. Fanya hivyo kwa wa pili, kisha kiroba. Usifungue kwa miezi miwili angalau. Kila ukifungua unawapa pumzi. Na unyevu uwe 13% au chini. Plastiki haikaushi. Ukifungia maharage ya 17% utafungua uvundo.

Mbegu kidogo: jokofu la kugandisha, nyuzi −18, siku 7, punje zikiwa kavu na chombo kimefungwa. Ukitoa, subiri chombo kipate joto la chumba ndipo ufungue, la sivyo mvuke unagandia punje.

Kwa maharage (si kunde) kuna njia isiyo na gharama: chombo kilichojaa nusu, kiviringishe mara tatu kwa siku kwa wiki mbili za mwanzo. Funza mchanga anahitaji kutulia sehemu moja kutoboa ganda. Ukimwondoa kila mara anakufa njiani. Kwenye kunde yai la bungua limegandishwa kwenye punje na funza hutoboa papo hapo, kwa hiyo kuviringisha hakusaidii.

#17 Bi_Kinu

Wanunuzi husema "maharage yenu hayaivi" wakidhani ni aina. Mara nyingi ni ghala. Kuna kasoro mbili na zinachanganywa. Ya kwanza, punje hainywi maji kabisa, inabaki jiwe: imekaushwa kupita kiasi, chini ya 10%. Ya pili, inakunywa maji na kuvimba lakini hailainiki hata ukipika nusu siku: imekaa miezi kwenye joto la juu ya nyuzi 30 na unyevunyevu. Ya kwanza hurekebishika kidogo kwa kuiacha irudishe unyevu taratibu. Ya pili haina tiba. Kwa hiyo maharage ya kuuza kwa chakula yakae chumba chenye ubaridi, mbali na bati, na yauzwe kabla ya msimu mwingine.

Upande wa kinu: kabla hujapanda shayiri, oti au ngano za kale kama spelti na enikoni, ujue kumvi haitoki kwenye kupura. Inataka mashine yake ya kukoboa, na kwa spelti na enikoni karibu theluthi ya uzito ni kumvi. Ngano ya kawaida, mtama na ulezi hutoka wazi. Kwa eneo linaloanza, chagua zinazotoka wazi. Na uwele usagwe kwa kiasi cha siku chache tu, mafuta yake huchacha haraka ukishavunja punje. Punje nzima hukaa.

#18 Kiroba

Nyongeza kwa wanaotaka kununua mashine kwa pamoja. Kinachoshinda vikundi ni aina nyingi kuliko fedha. Kubadilisha chekeche na kufagia mashine kutoka aina moja kwenda nyingine kunakula saa kadhaa, na punje zilizobaki ndani zinaingia kwenye mzigo wa mwenzako. Wakulima 10 wenye aina moja ya maharage na moja ya nafaka wanajaza siku ya mashine. Wakulima 10 wenye aina 14 wanashinda wakifagia. Aina nyingine ziendelee kwenye vitalu vya mbegu, zipurwe kwa mkono.

#19 msomaji_kimya

Wakuu, kila mtu anasema 13%. Asiye na kipima unyevu?

#20 Mizani

Njia tatu, kutoka hafifu hadi sahihi.

Chumvi: chupa ya kioo kavu kabisa, punje hadi theluthi, kijiko cha chumvi iliyokaushwa, tikisa dakika chache, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo unyevu umezidi 15%. Isipoganda umepita mstari huo tu, hujafika 13, endelea kuanika.

Oveni: gramu 100 za maharage mazima, nyuzi 103, saa 72. Zikibaki gramu 87, unyevu ulikuwa 13%. Nayo hutumika kukagua vipima vya kielektroniki, ambavyo vinataka uchague zao sahihi na punje ziwe zimepoa. Ukipima zikiwa moto kutoka juani namba inakudanganya.

Mizani: ukishajua unyevu wa mwanzo kwa oveni, weka kilo 10 kwenye mfuko wa wavu na uuanike katikati ya zao lenyewe, kwa unene ule ule. Kama ulianza na 20%, mfuko ukifika kilo 9.2 zao lote limefika 13. Pima asubuhi kabla hujafunua turubai, si jioni.

#21 msomaji_kimya

Unene ule ule hata ndani ya mfuko?

#22 Mizani

Ndiyo. Ulaze mfuko utandazike sm 4. Ukiuacha umejikunja kama mpira, katikati yake patakauka mwisho na utaendelea kuanika zao lililokwisha kauka.